Mkalimani Si Mtoto Wako

Barua za safari hii zinahusu shule za watoto, na karibu zote zimetoka kwa familia za Wakongo na Warundi walioko Marekani.

Tumefika Houston mwezi uliopita kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kijana wangu ana miaka 18. Shule imesema umri umempita, aende akatafute GED, ule mtihani wa cheti kinacholingana na cha sekondari. Ni kweli? (Baba wa watoto sita)

Si kweli, baba. Sheria ya Texas inampa nafasi ya shule bila ada yeyote ambaye tarehe 1 Septemba bado hajafikisha miaka 21. Rudi pale na buletini zake (ripoti za matokeo) za kambini, hata kama ni za Kifaransa na zimechakaa, uombe zihesabiwe kredi, yaani masomo aliyokwisha kumaliza katika yale yanayotakiwa ili ahitimu. Wakikataa, waambie waandike sababu kwenye karatasi. Utaona sauti inavyoshuka.

Shule za huko hupimwa kwa idadi ya wanaohitimu ndani ya miaka 4. Kijana wa miaka 18 mwenye Kiingereza cha kuokoteza anawaharibia hesabu, ndiyo maana anaonyeshwa mlango kwa tabasamu. GED ni mtihani, si shule. Wangapi wameambiwa "nenda GED" wakaishia kiwanda cha kuku?

Hatuna karatasi za uhamiaji. Mtoto aende shule? (Asiyetaka jina)

Aende. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua mwaka 1982, kesi ya Plyler: mtoto hanyimwi shule ya umma kwa kukosa karatasi. Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Someni majibu ya wenzenu kabla ya kuandika.

Binti yangu yuko ESL (vipindi vya Kiingereza kwa wageni) mwaka wa tano na anaongea Kiingereza kutushinda wote. Mbona hatoki? (Mama, Boise)

Kuongea na wenzake kwenye basi ni jambo moja, kuandika insha ni jingine. Kila mwaka anapimwa kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, na wengi hukwama kwenye haya mawili ya mwisho. Omba alama zake, moja moja. Ukishazipata, omba na ratiba: kama vipindi vya ESL vimekula nafasi ya aljebra au sayansi, lalamika leo, usingoje darasa la 12 ndipo uambiwe kredi hazitoshi.

Shule iliniita. Mwanangu mkubwa, wa miaka 13, alitafsiri kwamba mdogo wake "atasaidiwa", nikasaini. Sasa yuko elimu maalumu. Nifanyeje? (Mama Neema, Louisville)

Pole, mama. Ila nitasema: umesaini usichokisoma, umetafsiriwa na mtoto wa miaka 13. Mtoto gani ataweza kutafsiri maneno ambayo hata hapa mimi natafuta kamusi? Na siku kesi ikiwa yake mwenyewe, atakuambia mwalimu amemsifu.

Shule inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964: mkalimani ni wao kumtafuta na wao kumlipa. Sema "Swahili interpreter", maneno mawili tu, kisha kaa kimya mpaka apatikane. Hata keswoka wako, yule mhudumu wa shirika anayeshughulikia faili lako, asikuharakishe.

Kuhusu mdogo, dai apimwe upya kwa Kiswahili. Kutojua Kiingereza si ulemavu. Ridhaa uliyoisaini unaweza kuiondoa kwa maandishi wakati wowote, lakini subiri apimwe kwanza. Huenda kweli anahitaji msaada.

Kambini tulimpunguzia mtoto miaka 2. Tuiambie shule?

Mpelekee wakili wa uhamiaji swali hilo, na usilirudie kwa mtu usiyemjua, nikiwemo mimi.