Muulize Sista: Mazoezi ya Ijumaa hayajapunguza wagonjwa kazini kwangu

*Shikamoo Sista. Nina karakana ya vifungashio yenye wafanyakazi 42. Tangu mwaka jana vyeti vya mapumziko ya ugonjwa vinazidi kuongezeka: mgongo, kichwa, tumbo. Nikaona niwajali watu wangu. Nimemlipa mwalimu wa mazoezi, anakuja kila Ijumaa saa 11 jioni tukishafunga kazi. Nimenunua mizani, na nimeweka zawadi ya kila mwezi kwa asiyekosa kazini hata siku moja. Ijumaa ya kwanza walibaki 30. Sasa wanabaki 7, na vyeti vinaletwa vilevile. Watu hawa wanataka nini?*
*Mwajiri aliyekwama*

Marahaba, ndugu yangu. Nakushukuru kwa kuuliza, maana waajiri wengi wakiona vyeti vinaongezeka huanza kumsaka mwongo. Wewe umetoa fedha zako. Shida ni kwamba hukuangalia kwanza ugonjwa unatokea wapi.

Kosa hilo nililifanya mimi kabla yako, tena miaka minne mfululizo. Nilikuwa muuguzi katika zahanati ya kiwanda cha nguo kwa miaka 17. Tangu nilipoanza, nilikuwa nawatibu wanawake walewale kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Wanapona, wanarudi. Niliwasihi wanywe maji, nikabandika na bango ukutani. Waliniitikia kwa heshima, "Sawa, Sista," na mwezi uliofuata walikuwa mlangoni tena. Siku moja nilipokuwa napiga mistari ya daftari jipya la wagonjwa, nikaongeza safu moja: mgonjwa anakaa laini ipi ya cherehani. Baada ya wiki sita nikasoma safu ile kutoka juu hadi chini. Karibu wote walitoka laini ya tatu.

Nikamwita mmoja, nikafunga mlango, nikamuuliza kwa siku anakunywa maji mara ngapi. Akaniambia, "Sista, tukiingia zamu hatunywi. Ukinywa utaomba kwenda chooni, na ukiomba msimamizi anaandika dakika." Dakika hizo zilikatwa kwenye posho ya uzalishaji. Mtu asipokunywa maji, na akabana mkojo kutwa nzima, vijidudu vinapata muda wa kuzaliana. Mimi nilikuwa nagawa vidonge, na chanzo kilikuwa kwenye kalamu ya msimamizi. Meneja alipofuta utaratibu ule na kuweka mtu wa akiba wa kushika cherehani mwenzake anapotoka, wanawake wa laini ya tatu wakaanza kupungua mlangoni kwangu. Bango nililibandua.

Basi kabla hujamlipa tena mwalimu wa mazoezi, chukua vyeti vya mwaka mzima uviweke mezani. Kwa kila kimoja andika mambo matatu tu: kitengo, zamu, na siku ya juma. Jina la ugonjwa usiliandike, si lako na hulihitaji. Ukimaliza, nenda kwenye kitengo kilichojaa zaidi, simama hapo zamu nzima bila kutoa amri, utazame.

Kwa maumivu ya mgongo, naamini utaona watu wanainua maboksi kutoka sakafuni hadi juu ya mabega. Weka mzigo kwenye meza yenye urefu wa kiuno, punguza uzito wa kila boksi, nunua mikokoteni. Watakaokuuzia mikanda ya kukaza kiuno wakatalie: tafiti hazijaonyesha kwamba inamkinga mtu mzima wa afya asiumie mgongo. Vichwa vinavyouma vinaweza kuwa ni kelele. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mita moja akusikie, kelele hiyo huenda imefika desibeli 85, kiwango kinachoweza kudhuru masikio ya anayekaa nayo kutwa. Hapo mashine itafutiwe ufumbuzi kwanza, vizuia-kelele vya masikioni vifuate.

Hujaniambia wanafanya kazi saa ngapi kwa wiki, na hilo ndilo ningeanza nalo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40, ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo unapomwambia saa 11 jioni abaki aruke kamba. Ana watoto wanaomngoja. Wale 23 walioacha kubaki sidhani ni wavivu. Walikuwa wanachagua saa moja ya kupumzika.

Na wale 7? Nahisi ni wale ambao tayari walikuwa wakifanya mazoezi kwao. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwagawa karibu wafanyakazi wake 5,000 kwa bahati nasibu, wengine wakaalikwa kwenye programu ya afya kazini, wengine wasialikwe. Baada ya mwaka wa kwanza, gharama za matibabu za makundi hayo mawili hazikuwa na tofauti ya maana. Waliojitokeza kushiriki walikuwa wale ambao hata kabla ya programu walikuwa wanatumia fedha kidogo kwa matibabu. Siyachukii mazoezi. Ukitaka yabaki, yaweke ndani ya saa za kazi unazolipa, na asiyetaka asiulizwe.

Ile zawadi ya asiyekosa kazini iondoe mwezi huu huu. Nimeona inavyofanya kazi. Mwenye homa anakuja, anakohoa juu ya wenzake, siku ya tatu wanaumwa wanne. Mjamzito anaruka kliniki ili asiikose. Unamlipa mtu afiche ugonjwa, halafu unajiuliza kwa nini unakuja kujitokeza ukiwa mkubwa.

Jambo la mwisho kwako: wape watu wako uamuzi. Mtafiti wa afya Michael Marmot na wenzake walifuatilia watumishi wa serikali huko London, watu wa ofisini wenye ajira ya uhakika, wakakuta kwamba kadiri cheo kilivyoshuka ndivyo vifo vya ugonjwa wa moyo vilivyopanda. Sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo, na baadaye ikaonekana kwamba kutokuwa na usemi juu ya kazi yako kuna mchango wake. Kwa hiyo bandika ratiba ya zamu wiki mbili kabla, waruhusu wabadilishane wenyewe, na ukishafunga karakana usiwatumie ujumbe wa kazi usiku. Anza na kitengo kimoja, kisha niandikie baada ya miezi mitatu ukiwa na daftari lako.

*Sista, kazini wametuletea mshauri nasaha. Tangu nihamishiwe zamu ya usiku nina miezi mitatu sipati usingizi, na machozi yananitoka bila sababu. Naogopa nikisema bosi atajua.*
*Asiyelala*

Pole sana, mwanangu. Machozi yako yana sababu. Mwili una saa yake, nawe unaulazimisha kulala jua likiwaka.

Kabla hujaketi na mshauri huyo, muulize: unaandika nini, unaiweka wapi, nani anasoma? Jibu linalotakiwa ni kwamba hakuna kinachotoka bila ridhaa yako, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Akibabaika, muone mshauri mwingine nje ya kazi. Ukijiwa na mawazo ya kutotaka kuishi, nenda hospitali leo, usisubiri miadi.

Bosi hahitaji kujua unaumwa nini. Anahitaji karatasi ya daktari inayosema unaweza kazi gani, kwa mfano "afanye zamu ya mchana tu kwa wiki sita". Mpelekee pamoja na ombi la maandishi, ukiwa na mwakilishi wa wafanyakazi kama mnaye, na nakala yenye tarehe ubaki nayo wewe.