Miguu kugoma kilomita ya 28

Ndugu yangu wa Chumbageni, nimekuelewa: kilomita 21 unazimaliza bila shida, ila kila ukijaribu mazoezi marefu ya Jumapili kujiandaa na marathoni ya kilomita 42, ukifika ya 28 miguu inakuwa magogo. Na kwa ajili ya goti linalouma sasa unameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kabla ya kutoka.

Hiyo dawa iache kwanza. Kukimbia kwa muda wa saa tatu juani mwili umekauka, halafu diklofenaki juu yake, ni kuzitafuta figo ubaya.

Pili, unaanza saa mbili asubuhi! Tanga hii, Januari? Mimi hutoka saa kumi na moja, giza bado, nikielekea Raskazone. Jua likichomoza nimeshapunguza safari.

Ila kosa kubwa nadhani ni tumbo. Nami nilikuwa nakimbia na chai kavu, najiona shujaa. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini haifiki kilomita 42. Siku hizi usiku nashiba wali, alfajiri nakula ndizi mbivu, na njiani kila dakika 40 tende mbili na maji yenye chumvi kidogo. Maji kunywa kwa kiu tu. Yakizidi mno hushusha chumvi ya damu, nayo ni hatari.

Punguza mwendo pia, uweze kuongea na mwenzio.

Goti likivimba, au likiuma hata kushuka ngazi, muone daktari. Ukichanganyikiwa juani, au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, nenda hospitali papo hapo.