Stendi ya besiboli inayodumu huanzia kwenye kichwa laini

Wiki hii nimepokea ujumbe wa mwalimu mmoja wa sekondari huko Masasi. Ameanzisha timu ya besiboli, ana magongo machache na mipira kiasi, na anataka kujua ni duka gani linauza stendi ya kupigia, ile nguzo fupi inayowekwa mpira juu yake ili kijana apige bila kurushiwa. Mwalimu, duka liache. Tengeneza mwenyewe. Nitakueleza ya kwetu hapa Tanga ilivyopatikana, na naandika kwa fahari kwa sababu imepita jua la kaskazi na mvua za masika, vijana wanaigonga kila jioni, na bado imesimama.

Stendi yetu ya kwanza ilikuwa ya msaada, ya plastiki, yenye kupendeza macho. Lakini anayejifunza hapati mpira katikati. Gongo hushuka na kukata shingo ya stendi, na hilo halizuiliki, maana ndivyo watu wanavyojifunza. Shingo ikapasuka. Fundi bomba akatupa kipande cha PVC nyeupe, kikakaa juani mpaka kikakauka, kisha siku moja kikavunjika vipande vyenye makali. Kimoja kilipita karibu kabisa na jicho la binti mmoja, na moyo huniuma kila nikiikumbuka siku ile. Mzazi mmoja naye akatuchomelea ya chuma. Hiyo haikuvunjika, ila mshtuko wote ulirudi mikononi mwa watoto, magongo ya alumini yakaanza kubonyea, na skrubu ya kupandisha na kushusha ikaganda kwa kutu. Hewa ya chumvi ya Tanga haina huruma na skrubu.

Hapo ndipo nilipokwenda kwenye ofisi fulani kuomba fedha kidogo za vifaa, nikiwa nimebeba stendi ya majaribio. Nikaambiwa mbele ya wachezaji wangu wawili kwamba nimebeba takataka za gereji, na kwamba besiboli si mchezo wa watu wa Tanga. Niliaga kwa adabu nikaondoka. Maneno yale hayajanitoka hadi leo. Mkonge nao ulikuja hapa mgeni: kati ya miche elfu moja aliyoagiza Richard Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, kutoka Florida, iliyosalimika mwaka 1893 ilikuwa 62 tu. Leo nani atasimama Ngamiani aseme mkonge si wa Tanga?

Na mkonge ndio uliotuokoa. Stendi huvunjika kwa sababu inabishana na gongo. Ukiongeza ugumu, unaongeza ubishi. Basi sehemu inayogongwa lazima ikubali kulala na kurudi, iwe rahisi, na ikichoka ibadilishwe bila kugusa sehemu nyingine. Tulianza na mpira wa rejeta wa gari, tukauvalisha juu ya bomba. Mpira wa besiboli una mzingo wa sentimita 23 hivi, yaani kipenyo kinachokaribia sentimita 7.3, na uzito wa gramu 142 hadi 149, kwa hiyo mdomo wa sentimita 4 unaushika vizuri. Mdomo mpana zaidi haufai, kwani mpira huzama na gongo linakula raba kabla ya kufika kwenye mpira. Rejeta ilidumu kuliko vyote vya nyuma. Ila ina uzi ndani, ni nzito, na kijana mwenye mikono myepesi aliihisi ikimvuta.

Mzee mmoja wa Hale, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye korona, ile mitambo ya kukamua majani ya mkonge, alitutazama jioni moja akauliza kwa nini hatutumii singa, yaani nyuzi ndefu za mkonge. Akaja na fungu. Tulizikata urefu wa sentimita 12, tukazipanga wima kuuzunguka mdomo wa bomba, tukazifunga nje kwa kamba ya mkonge yenyewe na juu yake ukanda wa tyubu ya baiskeli, vitu ambavyo mji huu hauvikosi. Ukiitazama ni kama ufagio uliogeuzwa kichwa chini. Mpira unakaa katikati ya singa, gongo linapita, singa zinalala, zinainuka. Mpigaji haoni kizuizi chochote, anasikia mpira peke yake. Siku ile vijana walikataa kuondoka uwanjani mpaka giza lilipoingia. Singa zikilowa hulegea, basi vua kichwa mvua ikija na ukianike kivulini.

Shingo iwe bomba jeusi la maji, lile linalouzwa likiwa limeviringwa. Weusi wake unalikinga na jua, na likipigwa linajipinda badala ya kupasuka. Kirekebisho cha urefu sikitaki tena. Kata shingo tatu tofauti: ya kufika chini kidogo ya goti, ya kiunoni, na ya katikati ya kiuno na bega, kwa sababu eneo halali la mrusho linaanzia na kuishia humo. Shingo inatumbukia ndani ya bomba pana lililosimama kwenye kitako, haifungwi. Gongo likiivamia kweli kweli, inachomoka na kuanguka. Mtoto anaiokota, anairudisha, mazoezi yanaendelea.

Kitako ni tairi chakavu la bajaji lililojazwa zege. Toboa njia ya maji chini ya bomba pana, la sivyo masika italigeuza kisima.

Mwalimu, na wengine mnaosoma mkiwa na ndoto kama yangu, nisikilizeni. Kuna uwanja wa besiboli kwenye shule ya sekondari ya Azania, Dar es Salaam, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, nasi tunashukuru. Lakini mikoani kontena la vifaa vya msaada halifiki, na mtoto hakui akisubiri kontena. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na warushaji wetu wengi bado hawajui kuulenga mpira pale panapopigika. Ukitegemea mrushaji, kijana ataupiga mpira mara chache jioni nzima. Kwenye stendi atapiga mpaka mikono ijue njia yenyewe. Wachezaji wakubwa wa Marekani, wanaolipwa mamilioni, wengi wao huanzia mazoezi kwenye stendi. Olimpiki ya Los Angeles 2028 inaurudisha mchezo huu, na mimi nataka mtoto wa Tanga aitazame akijua anachokitazama. Acheni kulalamika. Okoteni tairi. Fungeni singa.

Kuhusu matumizi, besi ya nyumbani, kile kibao anaposimama kando yake mpigaji, ina upana wa sentimita 43, na stendi isigande katikati yake siku zote. Mpira wa upande wa mwili uweke mbele ya besi, kuelekea kwa mrushaji, wa upande wa mbali urudishe nyuma, kijana ajifunze kuusubiri.

Ukiwa karibu na wavuvi, waombe nyavu chakavu za kunasia mipira. Jarife haifai, matundu yake yanapitisha mpira, na ya dagaa inakamata upepo mpaka nguzo zinainama. Tafuta yenye matundu yasiyozidi sentimita 5, uining'inize ikiwa imelegea na chini ilale mchangani. Ukiikaza, mpira utamrudia mpigaji usoni.