Maswali na Majibu: Kuhamishia Klasi za PHP kwenye Nemspesi

SWALI: Mradi wetu wa PHP una mamia ya klasi, zote kwenye folda moja na bila nemspesi (kiambishi cha jina kinachozitenga klasi katika makundi). Wenzangu wanataka kila timu ipewe nemspesi yake. Mnashauri hivyo?

JIBU: Hapana. Timu huvunjwa na kuunganishwa, msimbo hubaki. Gaweni kwa kazi: Malipo, Watumiaji, Utafutaji. Mkibishana klasi iende wapi, angalieni historia ya Git (programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo). Faili zinazobadilishwa pamoja kila mara zikae pamoja. Chini ya mzizi wa mradi, ngazi moja au mbili zinatosha. Nemspesi za jumla kama Common na Utils msizifungue kabisa, maana kila asiyejua pa kuweka klasi yake ataitupa humo. Kwa PSR-4, kanuni ya kulinganisha majina ya klasi na njia za faili zake, jina la folda lifanane na la nemspesi hadi herufi kubwa na ndogo. Kompyuta ya Windows husamehe tofauti hiyo, seva ya Linux haisamehe.

SWALI: Tumehamisha klasi chache na kuyabakiza majina ya zamani kwa class_alias (fankisheni inayoipa klasi jina la pili). Majaribio yote yamepita, lakini kwenye seva instanceof, inayouliza kama kitu ni cha klasi fulani, inajibu false (si kweli) na kuna makosa ambayo catch haiyakamati tena. Tumekosea wapi?

JIBU: Yaelekea class_alias zenu ziko kwenye faili ya pembeni. Instanceof na catch haziiti autoloader (msimbo unaopakia faili ya klasi inapohitajika): jina la zamani likiwa halijapakiwa, PHP hujibu false kimyakimya. Kwenye majaribio huenda faili hiyo ilikwishapakiwa na jaribio lililotangulia, ndiyo maana hamkuliona tatizo. Andikeni class_alias mwishoni mwa faili ileile ya klasi mpya, kisha ramani ya autoloader ielekeze jina la zamani kwenye faili hiyohiyo.

Kagueni pia kila catch (Exception $e). Ndani ya nemspesi ya Malipo, hiyo ni Malipo\Exception, klasi ambayo pengine haipo, na PHP haitalalamika. Andikeni \Exception. Fankisheni kama strlen hutafutwa pia nje ya nemspesi. Klasi hazitafutwi huko, ndiyo sababu new DateTime hugoma bila mkwaju wa nyuma (\) mbele yake.

Bado kuna kache, yaani data iliyohifadhiwa kwa muda ili isomwe tena haraka. Serialize, inayogeuza kitu kuwa maandishi ya kuhifadhiwa, huandika jina halisi la klasi, yaani jipya, hata kama kitu kiliundwa kwa jina la zamani. Seva yenye toleo la zamani ikikisoma itapata __PHP_Incomplete_Class, yaani kitu ambacho klasi yake haijulikani. Kwa hiyo toeni matoleo mawili: la kwanza libakize klasi kwenye jina la zamani huku jina jipya likiwa ndilo alias, likishafika kwenye seva zote, la pili ligeuze, jina jipya liwe halisi na la zamani liwe alias. Mkilazimika kurudi toleo moja nyuma, data itasomeka.

Kuhamisha faili na kurekebisha yaliyomo kuwe hatua mbili tofauti kwenye Git. Kwa kawaida Git huitambua faili iliyohamishwa ikiwa imebaki sawa kwa angalau 50%. Chini ya hapo huonyesha faili moja imefutwa na nyingine imezaliwa.