Weusi kwenye picha ya rada si lazima uwe mafuta
Mkuu, umeuliza kama lile doa jeusi baharini kwenye picha ya Sentinel-1, setilaiti ya rada ya Ulaya, ni mafuta yamemwagika. Usikimbilie huko kwanza. Rada hiyo inatumia mawimbi ya redio ya kama sentimita 5.5, na kinachoirudishia mwangwi ni vile viwimbi vidogo vya sentimita chache vinavyoletwa na upepo, sasa upepo ukishuka chini ya mita 2 au 3 kwa sekunde maji yanalala kama kioo, miale inaruka upande wa pili hairudi kwa setilaiti, ndo unaona weusi. Cheki upepo wa saa ileile picha ilipopigwa. Ukitaka kupata na kasi ya upepo kutoka kwenye picha hiyo, tafuta kwanza mwelekeo wake, maana upepo mkali wa pembeni na mdogo unaoikabili rada vinaweza kuifanya bahari ing'ae sawasawa kwenye picha, hapo wengi wanakosea.