Shangazi, kupimwa huku siyo kupelekwa Mirembe

Shangazi shikamoo. Nimesikiliza voisi yako mara mbili, ile unayouliza kwa nini hakimu wa Marekani anataka mwanao akapimwe akili na ulevi wakati kosa lake ni kuendesha gari amekunywa, na kama ndo wanatafuta sababu ya kumfungia. Hapana. Siyo kulazwa hospitali ya akili kama Mirembe shangazi, ni mahojiano ofisini, yanachukua muda wa saa moja na nusu mpaka mbili, ukimaliza unarudi zako kwako. Naongea kitu nakijua maana na mimi yalinikuta hapahapa jimbo la Washington, niliwaficha kwa aibu tu, ndo leo mnasikia.

Mahakama haitaki kubahatisha kama mtu kazidiwa na pombe au aliteleza siku moja, kwa hiyo inamtuma kwa mtaalamu mwenye leseni, na hela anatoa mwenyewe (ndiyo, mpaka kuulizwa maswali unalipia, huku kila kitu bili). Sasa mtaalamu anakuwa na ripoti ya polisi mezani, na hapo ndo nilipojimaliza. Nikamwambia mimi nakunywa kwenye harusi tu, tena bia mbili. Yule mama akageuza karatasi taratibu akanisomea kipimo cha pumzi: 0.16. Mwisho unaoruhusiwa ni 0.08. Halafu akaniuliza, "Na hiyo harusi ya Jumanne usiku ilikuwa ya nani?" Nikabaki naangalia viatu vyangu.

Halafu bia zenyewe wana hesabu yao. Kinywaji kimoja kwao ni gramu 14 za kilevi, yaani kopo la mililita 355 la asilimia 5, sasa chupa yetu ya nusu lita ni karibu moja na nusu, ina maana mtu anasema bia nne kwa moyo mweupe kabisa kumbe kwao ni karibu sita. Aseme na ukubwa wa chupa.

Maswali mengine ni ya kawaida, unakunywa mara ngapi, ukishaanza unaweza kuacha, asubuhi lazima uzimue ndo mwili ukae sawa, kuna mtu amewahi kukwambia upunguze. Wana dalili 11 wanazihesabu: 2 au 3 tatizo dogo, 4 au 5 la kati, 6 kwenda juu ni kubwa. Na mkojo wanaweza kuchukua, asishangae.

Upande wa akili wanauliza wiki mbili zilizopita umelalaje, hamu ya kula ipo, umewahi kuona bora ufe. Hilo la mwisho kama lipo alijibu kweli, watamuuliza zaidi, siyo kwamba pingu zinatoka palepale. Kuna lile la kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Mwanao amelelewa kanisani, atasema Mungu huwa anasema naye. Sawa, ila aeleze ni kwenye maombi, moyoni, maana mzungu wa watu anaandika "anasikia sauti" na safari inakuwa nyingine. Kiingereza kikimkaba aombe mkalimani mapema, asiende na rafiki yake wa kunywa naye. Mimi nilipewa Mkongo kwenye simu, ananiuliza "unakunywaka kila siku?", nikacheka, ila tulielewana.

Majibu yanarudi kwa hakimu. Asipoonekana na tatizo, hapa Washington anasoma darasa lenye jumla ya saa 8 basi. Akionekana nalo ni matibabu, wiki au miezi. Mimi waliandika kwamba naficha, nikapewa vikao vya kikundi, na walikuwa sahihi shangazi, nilikuwa nakunywa kila nikitoka shifti ya usiku, peke yangu, kwenye gari, nje ya ghala tunalopakia mizigo, kioo kimejaa mvuke.

Sasa uliuliza kama atarudishwa nyumbani. Kule kuhojiwa peke yake hakurudishi mtu. Ila atasainishwa karatasi ya kuruhusu taarifa ziende mahakamani, aisome, na kabla ya hapo aonane na wakili wake na wa uhamiaji pia, kwa sababu bangi hapa inauzwa dukani kihalali, jimbo liliipigia kura 2012, lakini serikali kuu bado inaikataza, na mirungi ndo usiseme, sasa mtu asiye raia akikiri vitu hivyo vinaweza kumtokea puani kwenye makaratasi yake. Simwambii adanganye. Namwambia aongee na wakili kwanza.

Alhamisi saa nne asubuhi ndo kapangiwa, siyo? Anipigie Jumatano nikitoka kazini. Na gari asiliguse, nitampeleka mimi.