Ukienda Italia usiipite Bologna na treni tu

Jamani kila mtu akienda Italia ni Roma, Florence, Venice, picha mbili tatu kwenye boti basi karudi. Bologna anaionea dirishani. Na mi nilikuwa hivyohivyo, sema mwaka ule gesti za Florence bei zilikuwa hazishikiki, nikaona bora nikalale Bologna, treni ya spidi kama dakika arobaini hivi, nikapanga usiku mmoja nikajikuta nimelala nne.

Kwanza mvua isikutishe, jua pia. Mji mzima una baraza za nguzo zilizoezekwa, wenyewe wanaita portico, katikati ya mji peke yake zinafika kama kilomita 38, UNESCO wameziingiza kwenye urithi wa dunia 2021. Zamani watu walikuwa wanatokeza vyumba vya juu nje ya ukuta, chini vikishikiliwa na nguzo, ili wapate pa kupangisha, maana chuo kikuu chao kinajihesabia umri tangu 1088 na wanafunzi walikuwa wamejaa, mwisho mji wenyewe ukaamuru mwaka 1288 nyumba mpya lazima iwe na baraza. Na sehemu kubwa ni mali ya mwenye nyumba ila wewe unapita tu, hamna wa kukuuliza.

Ile minara miwili mirefu ya zamani katikati ya mji piga picha ukiwa chini. Asinelli una mita 97 na ngazi 498 lakini ulifungwa Oktoba 2023 sababu ya jirani yake Garisenda, ule uliolala upande, wanahangaika kuuimarisha. Ulizia kabla hujapanga kupanda.

Sasa kanisa la San Petronio hapo tulia. Lilianza kujengwa 1390 na uso wake haujaisha mpaka leo, chini marumaru juu matofali matupu. Ndani upande wa kushoto kuna mstari sakafuni, karibu mita 67, aliuchora mtaalamu wa nyota Cassini mwaka 1655, na juu kwenye dari kuna kitundu, jua likiingia humo mwanga wake unakata mstari ikifika mchana wa kweli. Mi nikajipeleka saa sita kamili nikijua ndo jua la utosi, nimesimama na simu mkononi, hamna kitu! Mzee mmoja pale akanionyesha saa yake akacheka. Kumbe ilikuwa Julai, kule kiangazi wanasogeza saa mbele, mchana wa kweli unafika saa saba na kama dakika ishirini. Nikasubiri. Ikaja duara ya mwanga saizi ya sahani, inatambaa kwenye marumaru unaiona kabisa kwa macho inavyosogea, ikakata mstari ikapita, watu kimya. Makanisa mengi kule hufunga mchana kwa hiyo uliza mlangoni mapema wanafunga saa ngapi.

Hapo jirani kwenye Palazzo del Podestà kuna upenyo wa matao, simama kona moja uangalie ukuta, mwenzio kona ya mkabala, nong'ona, atakusikia. Nilimwambia rafiki yangu njaa inauma, akanijibu vilevile kwa kunong'ona, jana ulikula hela yote.

Archiginnasio usiikose, jengo la zamani la kile chuo kikuu, la 1563, kuta zimejaa ngao za wanafunzi na kuna ukumbi wa mbao walikokuwa wanapasua maiti kufundishia udaktari. Bomu liliubomoa Januari 1944 wakaurudishia kwa vipande walivyookota kwenye kifusi, ukiwa ndani huwezi kudhani. Angalia zile sanamu mbili za watu waliochunwa ngozi, mi zilinisisimua mwili.

San Luca, kanisa la juu kilimani, weka siku ya mwisho, asubuhi. Njia yake ni matao 666 yanapanda kilima karibu kilomita nne, walianza kuyajenga 1674 ili msafara wa picha ya Bikira Maria usilowe mvua. Na vaa raba. Mi nilipanda na sendozi mpya, kufika juu visigino vimechubuka, kushuka nikazishika mkononi, peku, tao baada ya tao, na wazee wa pale wananipita wanakimbia mazoezi.